Kutazama Jurawa Wakilea Makinda Kwenye Roshani: Mwongozo kwa Wakazi wa Ghorofani

Jurawa, ambaye pia huitwa shomoro, ndiye ndege ambaye mkazi wa ghorofani jijini Dar es Salaam anaweza kumtazama kwa urahisi kuliko wengine wote akijenga, akitaga, akiatamia na kulea makinda, hatua chache tu kutoka pale mtazamaji alipokaa na kikombe chake cha chai. Ndege huyu hadai msitu wala bustani, anadai tundu. Katika nyumba za zamani za Upanga na Kariakoo alijipatia matundu hayo chini ya mapaa, nyuma ya mbao za dari na katika mianya iliyoachwa na mafundi ukutani, lakini majengo mapya ya vioo na saruji hayana mianya ya namna hiyo, na pale palipo na mwanya mkubwa kupita kiasi, kunguru hufika kabla kinda hajaota manyoya. Kisanduku cha mbao chenye vipimo sahihi, kikitundikwa mahali panapofaa, humrudishia jurawa makazi aliyoyapoteza, na humpa mwenye roshani nafasi ya kuona jambo ambalo majirani zake wengi hulisikia kwa sauti tu.

Maelekezo mengi ya visanduku vya viota yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako kisanduku hutundikwa kabla ya majira ya baridi, ndege hutaga majira ya kuchipua yanapofika, na usafi hufanywa mara moja kwa mwaka mwezi wa Oktoba. Kwetu Pwani mambo ni mengine. Hatari ya kwanza kwa makinda ni joto, ya pili ni kunguru, na kalenda inayofuatwa ni ya mvua. Kisanduku changu cha kwanza nilikitengeneza kwa kufuata maelekezo ya huko neno kwa neno, nikakielekeza kwenye jua ili kipate mwanga, nikaweka na kijiti cha kutulia mbele ya tundu kwa kuwa kilipendeza, na tundu lenyewe nikaliacha pana. Makinda wanne walitolewa mmoja mmoja na kunguru aliyesimama juu ya kijiti hicho hicho. Mengi ya yanayofuata nimeyaandika ili msomaji asiyarudie makosa hayo.

Ni jurawa yupi atakayekuja

Kwenye roshani za Dar es Salaam kuna uwezekano wa kupata wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni jurawa wa nyumbani, ambaye wanasayansi humwita Passer domesticus. Dume lake lina utosi wa kijivu, kisogo cha rangi ya hudhurungi na baka jeusi kooni linaloshuka kifuani, na jike lake ni la kahawia iliyofifia, lenye mstari mweupe-manjano nyuma ya jicho. Huyu si mwenyeji wa asili. Wazee wake waliletwa kutoka Bara Hindi zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakaanzia Zanzibar na miji ya bandari, kisha wakaenea bara. Wa pili ni jurawa wa asili wa Afrika mwenye kichwa cha kijivu kisicho na mistari na mabawa ya hudhurungi, ambaye dume na jike lake hawatofautiani kwa macho. Jamaa mmoja wa kundi hili aliyeenea Tanzania na kusini mwa Kenya amepewa jina la kisayansi la Passer suahelicus, yaani jurawa wa Uswahilini, na ninakiri kwamba jina hilo hunipa furaha kila ninapoliandika daftarini.

Kisanduku kimoja kinawafaa wote wawili. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, mpe kipaumbele yule wa asili, na njia ya kufanya hivyo si kumfukuza wala kumtega yule mgeni, bali kupanda mimea ya kienyeji yenye mbegu na wadudu karibu na roshani, kwa kuwa mgeni wa mjini hutegemea zaidi mabaki ya chakula cha binadamu. Chozi na mbayuwayu hawataingia kisandukuni. Chozi huning'iniza kiota chake kwenye tawi au waya, na mbayuwayu hufinyanga chake kwa matope ukutani. Yeyote kati yao akikuchagua, sehemu ya mwongozo huu inayohusu utazamaji inamfaa vilevile.

Kisanduku chenyewe

Mpelekee fundi seremala vipimo vilivyoandikwa, usimwachie akadirie. Mbao ya inchi moja kwa sita inatosha, na unene huo wa inchi moja si anasa, kwa sababu mbao nene huchelewesha joto kupenya. Mabaki ya mninga, mvule au msaji kutoka karakana ya samani ni mazuri kuliko mbao mpya ya bei rahisi, kwa kuwa mchwa huyakwepa na mvua haiyapindi upesi. Plaiwudi nyembamba hubanduka baada ya masika moja. Mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani zinazotumika kuezekea, zisitumike kabisa, maana makinda watakaa wiki mbili wakiwa wamegusana nazo, siku za mwanzo wakiwa uchi.

Nafasi ya ndani isipungue sentimita 12 kwa 15 kwenye sakafu, na kimo cha ndani kiwe sentimita 25 au zaidi kidogo. Tundu la kuingilia liwe la mviringo, lenye kipenyo cha milimita 32, na lisizidi 35. Fundi anaweza kulitoboa kwa seti ya misumeno ya mviringo wanayotobolea matundu ya vitasa vya milango, kisha akalilainisha kwa msasa ili lisichane manyoya. Kipimo hiki ndicho kufuli ya nyumba nzima: jurawa anapita, kunguru hapiti hata kwa kichwa. Hata hivyo kunguru ana mdomo mrefu, na jurawa ana tabia ya kujaza majani mpaka kiota kiinuke, ndiyo maana tundu linatakiwa kuwa juu, kiasi cha sentimita 18 kutoka sakafuni, na ni vizuri kugongomea kipande cha pili cha mbao kuzunguka tundu ili mlango uwe kama kijia kifupi chenye urefu wa sentimita 4 au 5. Kijiti cha kutulia kisiwepo. Jurawa hutua kwenye ukingo wa tundu bila shida yoyote, na anayehitaji mahali pa kusimama ni adui yake.

Ndani, chini ya tundu, mwambie fundi achore mistari kwa msumeno ili makinda wapate pa kukanyaga watakapopanda kutoka. Sakafu itobolewe matundu manne ya milimita 6 ya kupitisha unyevu, na kila ubavu upate matundu mawili ya milimita 8 au 10 chini kidogo ya paa, kwa ajili ya hewa. Paa nalo liwe la tabaka mbili, moja juu ya jingine, zikiachana kwa sentimita 2, na la juu litokeze mbele ya tundu kwa sentimita 6 au zaidi. Usitumie bati peke yake. Kwenye jua la Januari bati hugeuza kisanduku kuwa tanuri. Nje unaweza kupaka rangi nyeupe ya maji, nayo iachwe ikauke na harufu yake iishe kwa wiki kadhaa, ila ndani pasipakwe kitu chochote. Ubao mmoja wa ubavuni ufungwe kwa bawaba na skrubu ili uweze kufunguliwa wakati wa usafi, na usifunguke wenyewe upepo ukivuma.

Atakayetaka kuweka kamera aiweke sasa, kabla ndege hajakijua kisanduku. Kamera ndogo za ulinzi zinazouzwa madukani hufanya kazi, mradi lenzi yake iweze kurekebishwa ili ione vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 15, maana nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimelengwa mbali. Taa yake ya infraredi iwe ya nanomita 940, ambayo haionekani kama nukta nyekundu gizani. Ongeza kimo cha kisanduku kwa sentimita 6 ili kamera ikae darini bila kumbana ndege, na waya upite kwenye tundu la nyuma lililozibwa vizuri dhidi ya sisimizi.

Mahali pa kukitundika

Pwani ya Tanzania haiko mbali na ikweta, na kwa hiyo jua la kuogopwa ni lile la alasiri linalotoka magharibi. Roshani inayotazama mashariki ndiyo bora, kwa kuwa hupata jua la asubuhi lisilo kali na kisha hukaa kivulini siku nzima. Ikiwa roshani yako inatazama magharibi, tundika kisanduku kwenye ukuta wa pembeni, ndani kabisa, karibu na dari ya zege, mahali ambapo jua la saa 9 alasiri halifiki; na kama hapana mahali pa namna hiyo, ni afadhali kuacha. Kabla ya kutoboa ukuta, tundika kipimajoto mahali hapo kwa siku mbili au tatu za jua kali na ukisome kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Kikizidi joto la kivulini la siku hiyo kwa nyuzi kadhaa, tafuta pengine.

Baada ya jua, fikiria upepo. Masika ya Machi hadi Mei huja pamoja na mwanzo wa kusi, na mvua yake hupigwa kutoka kusini na kusini-mashariki kwa nguvu inayoweza kulowesha kiota kwa usiku mmoja. Tundu lisielekee huko. Kaskazi ya Desemba hadi Machi haina madhara makubwa hivyo, kwa hiyo mwelekeo wa kaskazini-mashariki ndio ninaoupendekeza kwa wenye uchaguzi. Kisanduku kiinamishwe mbele kidogo sana ili maji yasiingie.

Kiwe juu ya kimo cha mtu, mita 2 au zaidi kutoka sakafu ya roshani, mbali na ukingo ambao paka wa jirani hutembea juu yake, na mbali na kiyoyozi, kwa sababu mashine ya nje ya kiyoyozi hutema hewa ya moto na hutetemesha ukuta. Usikifunge kwenye nondo za dirisha ambazo panya hupanda. Kifunge sehemu mbili, kwa skrubu nene zilizoshika ukuta na kwa waya wa akiba, kwani kisanduku cha mninga kikianguka kutoka ghorofa ya tatu kinaweza kumuua mpita njia. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla ya ukuta kutobolewa, na majirani wa chini waelezwe. Nimeona kwamba jirani aliyeelezwa mapema huja kuuliza makinda wamefikia wapi, na asiyeelezwa huja kulalamikia kinyesi.

Kuandaa roshani

Watu wengi humwona jurawa akiokota punje za mchele sokoni wakadhani makinda nao hulishwa mchele. Mtu mzima hula mbegu, lakini kinda katika siku zake za kwanza hulishwa karibu wadudu pekee: viwavi, panzi wadogo, nzi, buibui, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua. Bila wadudu, kinda hakui, hata kama wazazi wana gunia la mtama mbele yao. Kwa hiyo jambo la maana kuliko kununua chakula ni kuacha kupuliza dawa za wadudu kwenye roshani na ndani ya vyumba vinavyofunguka kuelekea huko, na kupanda kwenye vyungu mimea inayovutia wadudu, kama mchicha ulioachwa uchanue, mrehani, alizeti na nyasi za kawaida ambazo mtunza bustani yeyote angeziita magugu. Mtama kidogo asubuhi hauna ubaya. Mkate, vyakula vyenye chumvi na mabaki ya kukaanga visiwekwe, na chochote kinachobaki jioni kiondolewe, kwa sababu huwaita panya na kunguru.

Maji yawekwe kwenye kisahani cha udongo chenye kina cha sentimita 3, na yabadilishwe kila siku bila kukosa huku kisahani kikisuguliwa kwa brashi. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye maji machache yaliyotuama majumbani, na jiji letu limeshauguzwa na ugonjwa huo zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko wa mwaka 2019. Kisahani kingine chenye mchanga mkavu kitamfurahisha jurawa, ambaye hujifukia na kujipukutisha mavumbini ili kuondoa utitiri.

Kisha kagua nyuzi. Jurawa huokota chochote kilicho kirefu na laini, na roshani zetu zimejaa nyuzi za viroba, kamba za nailoni na nywele za rasta zilizoanguka baada ya kusukwa. Uzi wa namna hiyo hujizungusha kwenye mguu wa kinda, ukabana kadiri mguu unavyonenepa, na siku ya kuruka kinda hubaki ananing'inia. Fagia kila siku katika kipindi cha ujenzi wa kiota, na badala yake acha nyasi kavu na manyoya machache ya kuku pembeni.

Kutazama

Mtazamaji mzuri ni yule ambaye ndege amekwisha kumsahau. Kaa ndani, nyuma ya pazia jepesi, umbali wa mita 3 au 4 kutoka kwenye kisanduku, na taa ya chumbani ikiwa imezimwa. Giza la nyuma yako hukuficha kuliko pazia lenyewe. Darubini ya 8 kwa 42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya milimita 42, inayoweza kulenga umbali wa mita 2 itakuonyesha hata aina ya mdudu aliye mdomoni. Saa nzuri ni kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 10 hadi saa 12 jioni. Kaa kwenye kiti kilekile kila siku, na uwazoeze watu wa nyumbani kupita roshanini kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa jurawa huzoea harakati zinazojirudia na hushtushwa na mtu anayenyemelea.

Uvumilivu unaohitajika mwanzoni ni mkubwa. Kisanduku kinaweza kukaa kitupu miezi mitatu, na kinaweza kupata mpangaji wiki ya pili. Dalili ya kwanza ni dume linalosimama mlangoni likilia silabi moja bila kuchoka, "chirp" ile kavu ambayo kila mkazi wa mjini ameisikia, nusu saa nzima pasipo kupumzika. Mtazame mdomo: dume lililo katika msimu wa kuzaliana lina mdomo mweusi, na lisilo katika msimu lina mdomo wa rangi ya pembe. Jike likikaribia, dume hutetemesha mabawa yaliyoshushwa, huinua mkia na kuingia ndani kama anayemwonyesha mgeni chumba. Jike huingia, hutoka, huondoka. Hilo linaweza kurudiwa kwa siku kadhaa, na ni baada ya jike kubeba nyasi lenyewe ndipo unaweza kuandika daftarini kwamba ndoa imefungwa.

Pwani, jurawa anaweza kuzaliana karibu wakati wowote wa mwaka, ila idadi huongezeka mvua zinapoleta wadudu, kwa hiyo kaa macho zaidi baada ya vuli kuanza na katika masika. Ujenzi huchukua siku chache. Baadaye jike hutaga yai moja kila siku, mapema asubuhi, mpaka yafike matatu, manne au matano. Ni mayai meupe yaliyofifia, yenye madoa ya kahawia na kijivu. Kipindi hiki ndicho ambacho ndege huacha kiota kwa urahisi zaidi akisumbuliwa. Usifungue kisanduku, usitundike nguo mbele yake, usilete fundi wa kiyoyozi.

Kuatamia huchukua kati ya siku 11 na 14. Wazazi wote wawili hupokezana mchana, lakini jike pekee ndilo lenye sehemu ya tumbo iliyopukutika manyoya inayopitisha joto moja kwa moja kwenye yai, na ndilo linalolala ndani usiku. Kwa mtazamaji, siku hizi huonekana kimya, na wengi hukata tamaa wakidhani ndege wamehama. Kaa na saa yako na uandike zamu: nani aliingia, alikaa dakika ngapi, nani alimpokea. Utagundua kwamba zamu za mchana wa joto ni fupi na nafasi kati ya zamu ni ndefu, kwa sababu hewa yenyewe inasaidia kuyatunza mayai.

Siku ya kuanguliwa hutaiona kwenye yai, utaiona mdomoni mwa wazazi. Asubuhi moja dume litafika likiwa na mdudu mdogo kabisa, pengine kidukari au kiwavi chembamba kama uzi, na badala ya kumla litaingia naye ndani. Andika tarehe hiyo kwa herufi kubwa, maana hesabu zote zinazofuata zinaanzia hapo. Makinda huzaliwa uchi, wekundu, macho yakiwa yamefumba. Macho huanza kufumbuka yapata siku ya nne au ya tano. Siku ya saba au ya nane manyoya huonekana yakiwa bado ndani ya ala zake, kama sindano zilizopangwa. Na kufikia siku ya kumi wanafanana na ndege. Usipokuwa na kamera, masikio yatakueleza: sauti ya siku za kwanza ni mlio hafifu ambao huusikii bila kukaribia, na ya siku ya kumi huvuka pazia na kuingia chumbani.

Hapa ndipo utazamaji unapostahili saa zako. Hesabu safari za chakula kwa saa nzima, asubuhi na jioni, ukitenga za dume na za jike. Mara moja nilihesabu safari 19 ndani ya saa moja, siku iliyofuata mvua ya usiku, wakati kumbikumbi walipokuwa wametapakaa chini ya taa za barabarani; siku tatu kavu baadaye, saa ileile, zilikuwa 8. Tazama pia wanachotoka nacho. Kinyesi cha kinda hutoka kikiwa kimefungwa ndani ya kifuko cheupe, ambacho wazazi hukimeza katika siku za mwanzo na baadaye hukibeba na kukitupa mbali, na kwa njia hiyo kiota hubaki kisafi licha ya midomo mitano iliyomo ndani. Vifuko vikianza kuachwa mlangoni, makinda wamekaribia kuruka.

Ikiwa ni lazima kukagua ndani, kwa mfano kwa sababu umeona sisimizi wakipanda, fanya hivyo mchana wazazi wote wakiwa nje, gonga taratibu kwanza, na umalize kabla ya dakika moja. Baada ya siku ya kumi usifungue kamwe. Kinda aliyeshtuka huruka kabla ya wakati, na kutoka ghorofa ya tatu hana pa kutua.

Siku ya 12 au ya 13 utaona kichwa mlangoni, chenye kingo za manjano pembeni mwa mdomo, kikitazama barabara kwa mara ya kwanza. Wazazi huanza kukawia na chakula na kuita kutoka kwenye waya wa umeme wa karibu. Kuruka hutokea kati ya siku ya 14 na ya 16, mara nyingi asubuhi. Siku hizo tatu funga milango ya roshani au uiache na pazia zito, na panga boi lisizungushwe katika chumba ambacho kinda anaweza kuingia. Kinda anayejifunza kuruka hana uwezo wa kulikwepa.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

Kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, na leo hakuna kiota cha wazi jijini kilicho salama mbele yake. Akijifunza kwamba kisandukuni mna makinda, atarudi kila siku kusikiliza juu ya paa. Mnyime pa kusimama: ondoa vyungu vilivyo chini ya tundu, inamisha paa zaidi, nyosha nyuzi mbili za waya sentimita chache juu ya paa. Kumfukuza kwa kelele kunawatisha jurawa zaidi yake.

Sisimizi na majimoto, wale chungu wekundu wanaouma, ni hatari kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa wanaweza kuua makinda wachanga usiku mmoja. Usipulize dawa. Paka mafuta mazito ya grisi kwenye waya na skrubu zinazoshika kisanduku, mahali ambapo ndege hatagusa, na ukate tawi lolote linalogusa ukuta. Nyuki wakiingia kisanduku kikiwa kitupu, funga mlango wa roshani na umwite mfugaji nyuki, usiwachome.

Kinda aliye uchi akiwa ameanguka sakafuni, mrudishe kiotani kwa mkono safi. Imani kwamba mzazi humkataa kinda aliyeguswa na binadamu si ya kweli. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka sakafuni hajapotea. Mwinue umweke juu ya chungu cha maua, ondoka, na wazazi watamlisha hapo. Usimchukue kumfuga ndani. Mbali na ukweli kwamba mara nyingi hufa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kunasa wanyama wa porini, ndege wakiwemo, bila kibali.

Baada ya makinda kuruka

Wazazi, na hasa dume, huendelea kuwalisha makinda nje kwa wiki moja au zaidi, na wakati huohuo jike linaweza kuanza kutayarisha mayai mengine. Kwa sababu hii ushauri wa kusafisha mara moja kwa mwaka hautufai: nafasi yetu ni ya siku chache tu. Siku ya pili au ya tatu baada ya kinda wa mwisho kuondoka, subiri jioni, hakikisha hamna ndege wala yai, kisha vaa barakoa na glavu, lowesha kiota kwa maji ili vumbi lisiruke, kitoe chote ndani ya mfuko na uufunge. Sugua ndani kwa brashi na maji yanayochemka, bila dawa wala sabuni yenye manukato, na uache ubao wa ubavuni wazi usiku kucha ili kisanduku kikauke. Ukikuta yai jipya, funga taratibu na uache usafi mpaka watoto wa awamu hiyo waruke.

Kabla ya kutupa kiota, kifungue juu ya gazeti na uandike kilichomo: aina za nyasi, manyoya, nyuzi, mayai yasiyoanguliwa. Orodha hiyo, pamoja na tarehe ya yai la kwanza, ya kuanguliwa na ya kuruka, ni taarifa adimu kwa miji ya Pwani, na uonaji wa ndege unaweza kupelekwa kwenye mradi wa Tanzania Bird Atlas, au kwa aliye Kenya, kwa Kenya Bird Map. Funga ubavu asubuhi kabla ya saa 1. Katika kisanduku changu, dume huwa tayari limesimama mlangoni kabla sijashuka kwenye kiti.